Nani hasa anayekula jahazi?

Jahazi haliozi tu, linaliwa. Ndiyo maana vyombo vya mwambao wetu hupandishwa ufukweni maji yakipwa, vikakwanguliwa matumbo, vikakokewa moto wa makuti, kisha vikapakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu ambao harufu yake humfikia mtu kabla hajaliona jahazi lenyewe. Anayepigwa vita kwa deheni ni kiumbe laini, mrefu kama mnyoo, anayeingia kwenye ubao akiwa mdogo kuliko kichwa cha pini na kuishi humohumo mpaka kufa. Katika makala haya nitamwita mtoboa mbao, maana ndiyo kazi yake.

Kutoboa ni kazi yake kweli. Kula ni habari nyingine. Ubao alioukereza hauwezi kumshibisha mpaka mwingine auyeyushe, na huyo mwingine ni bakteria asiyeonekana kwa macho, mkazi wa ndani ya mwili wa mtoboa mbao. Bahari imejaa ushirika wa namna hii: mnyama ndiye anayeonekana, anapewa jina na lawama, au anasifiwa kuwa chanzo cha dawa, kumbe kazi inafanywa na mpangaji. Ukilielewa hilo, nusu ya habari za teknolojia ya viumbe wa baharini zinanyooka zenyewe.

Ukitaka kumwona mtoboa mbao, tafuta gogo la mkoko lililolala matopeni miezi kadhaa, lile ambalo maji hulifunika kila yanapojaa. Kwa nje ni zima. Utaona vitundu vichache tu, vya kupitisha sindano. Sasa lipasue kwa shoka. Ndani ni mahandaki matupu ya unene wa kidole, moja likipinda kulikwepa jingine, na kila moja limepakwa chokaa nyeupe, laini kama upande wa ndani wa ganda la yai. Mwenyewe yumo, mweupe, anateleza. Kichwani ana magamba mawili madogo yenye safu za meno kama tupa. Magamba hayo ndiyo kitambulisho chake, kwa sababu huyu si mnyoo hata kidogo. Ni jamaa wa chaza na kombe, ila ganda lake limepungua mpaka likawa kifaa cha kukerezea tu. Mkiani, kwenye kile kitundu alichoingilia utotoni, huchomoza mirija miwili ya kuvuta na kutoa maji. Akihisi hatari huirudisha ndani na kuuziba mlango kwa vibao viwili vidogo.

Hasara yake ni ya kihistoria. Mwaka 1503 Christopher Columbus alikwama Jamaika kwa sababu merikebu zake zilikuwa zimetobolewa kama chujio. Katika miaka ya 1730 Waholanzi waligundua kwamba nguzo za mbao zinazolinda kuta zao za bahari zilikuwa zikitafunwa kwa ndani, wakalazimika kuagiza mawe kutoka nje ya nchi ili wajenge upya.

Unga wa mbao, hata hivyo, ni chakula duni mno. Sehemu yake kubwa ni selulosi, yaani sukari iliyofungwa mnyororo mrefu ambao wanyama walio wengi hawawezi kuukata. Isitoshe, mbao karibu hazina naitrojeni, na bila naitrojeni mwili haujengi protini. Ni kama mtu aambiwe aishi kwa ugali mkavu mwaka mzima, bila maharage, bila dagaa, tena ugali wenyewe uwe umefungiwa kwenye sanduku ambalo hana ufunguo wake.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1983. John Waterbury na wenzake, akiwemo Ruth Turner wa Harvard aliyekuwa bingwa wa viumbe hawa, walitangaza kwamba wamemtoa ndani ya mtoboa mbao bakteria mwenye uwezo wa mambo mawili kwa pamoja: kuivunja selulosi, na kuichukua naitrojeni iliyoyeyuka majini akaigeuza lishe. Hilo la pili wakulima wetu wanalijua hata kama hawalitaji hivyo. Ndilo linalofanyika kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, na ndiyo sababu ya kuchanganya kunde na mahindi shambani. Bakteria aliyekuja kupewa rasmi mwaka 2002 jina la Teredinibacter turnerae, kwa heshima ya Turner, anamletea mwenyeji wake wanga na mboga kwa mkupuo mmoja.

Wengi wakisikia hivyo hudhani bakteria huyo anaishi tumboni. Mchwa wa nchi kavu wanafanya hivyo, wanabeba vijidudu matumboni mwao. Lakini Teredinibacter anaishi kwenye mashavu, yale ya kupumulia, tena ndani ya seli zenyewe. Tumbo lililojaa unga wa mbao liko mbali, na likipimwa linakutwa karibu halina bakteria. Miaka mingi lilikuwa fumbo. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza aina moja ya mtoboa mbao walionyesha kwamba vimeng'enya, yaani zile protini zinazokata selulosi, hutengenezwa na bakteria mashavuni kisha husafirishwa hadi tumboni. Kiwanda kiko upenuni, jiko liko ndani. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu inaleta swali la kihasibu: sukari ikishapatikana anaila nani? Mchwa anagawana na umati wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Mtoboa mbao, kwa kuwa tumbo lake halina umati, anajilia mwenyewe.

Sasa jiulize. Tumbo lenye joto la pwani, lililojaa sukari, limezungukwa na maji ya bahari ambayo kila mililita moja ina bakteria wanaokaribia milioni. Mbona halivamiwi?

Dokezo lilipatikana mwaka 2009, jenomu ya Teredinibacter, yaani maandishi yote ya urithi wake, iliposomwa yote. Ina herufi kama milioni 5.2, na karibu asilimia 7 ya jenomu hiyo ni maelekezo ya kutengeneza kemikali za kujihami. Kiwango hicho kinalingana na cha bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces, ambao ndio waliotupa streptomisini na dawa nyingi nyingine za kuua vijidudu. Mwaka 2013 watafiti wakatangaza kwamba bakteria huyo anatengeneza kemikali za kundi la tartroloni, zenye chembe ya boroni katikati, na kwamba kemikali hizo zinaonekana hata ndani ya mnyama mwenyewe. Maana yake si kipaji cha maabarani tu. Inawezekana kabisa kwamba ndizo zinazolifagia tumbo la mwenyeji, ingawa kuziona mahali fulani hakutoshi kuthibitisha kwamba ndizo zinazofanya kazi hiyo.

Halafu mwaka 2020 habari ikatugusa sisi moja kwa moja. Kemikali moja ya kundi hilo, tartroloni E, ilijaribiwa dhidi ya jamii nzima ya vimelea vinavyovamia seli za wanyama: kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, Toxoplasma, Babesia wanaowapa ng'ombe mkojo mwekundu, Theileria wa farasi, ambaye ni ndugu wa yule anayeleta ndigana kali, na Cryptosporidium, anayewaharisha watoto wachanga na ndama. Wote walidhurika, tena kwa dozi ndogo. Mwenye ng'ombe aliyewahi kuzika ndama kwa ndigana atasoma orodha hiyo mara mbili. Ila nisije nikalaumiwa: hiyo si dawa. Ni matokeo ya maabara na ya vitoto vya panya, na kutoka hapo hadi duka la dawa ni safari ambayo kemikali nyingi hufia njiani.

Vimeng'enya vyake navyo vina wateja. Kimeng'enya kinachokata mbao kwenye maji ya chumvi kinaweza kukata pia mabaki ya mashambani, kama bua la mahindi au bagasi ya miwa, yakawa sukari ya kuchachushia mafuta ya ethanoli. Watafiti wa Marekani waliwahi kupima kimeng'enya chake kingine, kinachovunja protini, kwa kazi za usafishaji. Kwa jumla, vimeng'enya vya bakteria wa baharini vina sifa ambayo kiwanda huipenda: vimezoea chumvi, na vile vya bahari baridi hufanya kazi bila maji kuchemshwa.

Mtoboa mbao si pekee. Katika Bahari ya Karibi kuna kiumbe laini kama jeli, Ecteinascidia turbinata, anayeshika kwenye mizizi ya mikoko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilionekana kwamba maji yake yanaua seli za saratani. Kisha ukaja mgogoro ambao kila mtafuta dawa wa baharini anaujua: ili kupata gramu moja ya kemikali hiyo ingebidi kuvuna viumbe wanaofikia tani nzima. Ungemaliza mikoko ya kisiwa kwa ajili ya wodi moja. Walipofuatilia, mtengenezaji alikuwa tena bakteria anayeishi ndani ya kiumbe huyo, jambo lililowekwa wazi mwaka 2011. Na bakteria huyo hakubali kufugwa peke yake. Kiwanda kilichopata suluhisho kilizunguka: kilichukua bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, anayefugika kwa urahisi na kutengeneza kemikali yenye umbo linalokaribiana, kikaimalizia kwa ufundi wa kemia. Dawa hiyo, trabektedini, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2007 kwa saratani za misuli na tishu laini, na Marekani mwaka 2015.

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Bakteria wa baharini walio wengi hawakubali kuoteshwa kwenye sahani ya maabara. Kuna kundi linaloitwa SAR11, miongoni mwa viumbe wengi kuliko wote baharini. Mwaka 1990 lilijulikana kwa jeni zake tu, kutoka maji ya Bahari ya Sargasso, na ilibidi kungoja hadi 2002 ndipo likaoteshwa, tena kwa kuwekwa katika maji ya bahari yaliyosafishwa, yenye lishe kiduchu. Kosa lilikuwa ukarimu. Watafiti walikuwa wakiwapikia mchuzi mzito viumbe waliozoea njaa. Prochlorococcus naye, bakteria wa kijani anayetengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kutoa sehemu kubwa ya oksijeni ya baharini, alikaa bila kujulikana mpaka miaka ya 1980, kwa sababu ni mdogo kupita kiasi na hakuna aliyekuwa na chombo cha kumhesabu akiwa melini.

Na sahani yenyewe ina kisa. Ile jeli inayooteshewa bakteria, agari, hutokana na mwani mwekundu. Wazo lilitoka jikoni: Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe katika maabara ya Robert Koch huko Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1880, alipendekeza agari aliyokuwa akitumia kugandishia vitafunio, kwa kuwa jeli waliyokuwa nayo ilikuwa ikiyeyuka siku za joto. Ukiileta baharini, hata hiyo haiko salama. Mwaka 1902 Mnorwei H. H. Gran alieleza bakteria wa baharini anayeila agari. Ukimwotesha anachimba kishimo chini yake, anazama taratibu ndani ya sahani yake mwenyewe.

Mwani unanirudisha Paje na Jambiani, Unguja. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na hadi leo wengi wa wanaoinama kwenye maji ya bamvua kufunga mbegu kwenye kamba ni wanawake. Wanalima aina mbili, mwembamba na mnene. Mnene una bei nzuri na ndio unaokufa. Matawi yanapauka, yanakuwa meupe kama barafu, kisha yanakatika na kuchukuliwa na maji. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba bakteria, wakiwemo wa jamii ya Vibrio, wanaweza kuleta ugonjwa huo. Lakini bakteria hao wapo juu ya mwani siku zote, hata ukiwa mzima. Maji yakipata joto kupita kiasi au mvua ikipunguza chumvi, mwani unalegea, na mpangaji aliyekuwa akilamba ukutani anaanza kuibomoa nyumba. Dawa ya kumwua bakteria isingesaidia kitu. Ndiyo maana wakulima wengine wamejaribu kuusogeza mwani mnene kwenye maji ya kina kirefu, yenye ubaridi, kazi inayodai mtumbwi na kujua kuogelea.

Vibrio wengine wana tabia njema zaidi. Ngisi mmoja mdogo wa Hawaii ana mfuko tumboni wenye bakteria Aliivibrio fischeri wanaotoa mwanga. Usiku mwanga huo unashuka chini, unafanana na wa mbalamwezi na nyota, na kivuli cha ngisi kinapotea machoni mwa anayemvizia. Alfajiri huwatoa nje karibu wote, asilimia 90 na zaidi, kisha wachache waliobaki wanazaana hadi jioni. Bakteria mmoja peke yake hawashi taa. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo majini, na kemikali hiyo ikishakuwa nyingi wanajua kwamba wametimia, ndipo wote wanawaka. Nealson na Hastings walilieleza jambo hilo mwaka 1970, na leo ni msingi wa utafiti wa namna vijidudu vinavyopanga mashambulizi. Kazi yake ya kawaida sokoni ni nyepesi zaidi: bakteria hao hukaushwa, hufungwa chupani, na mwenye kutaka kujua kama maji ya kiwanda yana sumu anawachanganya na sampuli, kisha anapima. Taa ikififia ndani ya dakika 15 au 30, maji yana neno.

Hesabu hiyo ya kutimia ikitokea baharini, matokeo yake yanaonekana kutoka angani. Usiku wa tarehe 25 Januari 1995, katikati ya kaskazi, meli ya Uingereza iitwayo Lima ilipita nje ya pwani ya Somalia ikakuta bahari nzima nyeupe kama maziwa. Miaka kumi baadaye Steven Miller na wenzake waliipata bahari hiyohiyo kwenye picha za zamani za setilaiti: eneo la kilomita za mraba kama 15,400, zaidi ya mara tisa ya Unguja, likiwaka kwa usiku tatu mfululizo. Mabaharia walikuwa wamesimulia habari hizo karne nyingi, na hawakuaminiwa sana. Sampuli iliyochukuliwa karibu na kisiwa cha Sokotra mwaka 1985 ilikutwa na Vibrio harveyi, na inadhaniwa kwamba bakteria hao hujazana juu ya mabaki ya mimea midogo ya baharini mpaka wanatimia.

Kuna bidhaa moja ambayo mimi huwa naitilia shaka: chupa za bakteria wa kumwaga juu ya mafuta yaliyovuja. Bakteria wala mafuta wapo kweli. Alcanivorax borkumensis, aliyepewa jina mwaka 1998, karibu hali kitu kingine chochote; bahari ikiwa safi ni adimu, mafuta yakimwagika anajaa. Tatizo ni kwamba kwa kawaida yumo tayari majini. Anachokosa ni naitrojeni na fosforasi, ndiyo maana baada ya ajali ya meli ya mafuta Exxon Valdez mwaka 1989 fukwe za Alaska zilinyunyiziwa mbolea. Kwenye tope la mikoko anakosa na oksijeni pia, na hapo mafuta hukaa miaka. Meli ya Wakashio ilipovujisha mafuta kama tani 1,000 Morisi mwaka 2020, hofu kubwa ya wenyeji ilikuwa hasa kwenye mikoko na matumbawe.

Limebaki suala la mwenye mali. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inasema anayechukua kiumbe wa nchi fulani kwa ajili ya biashara apate ruhusa na wagawane faida. Wakenya wana sababu ya kulifuatilia: miaka ya 2000 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida ya vimeng'enya vya sabuni na vya kuchakaza jinzi vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Lakini Nagoya iliandikwa ikifikiria kitu cha kushikika, gogo, tope, chupa ya maji. Jenomu ya Teredinibacter iko wazi kwenye intaneti, na ukubwa wake ni kama picha mbili tatu za simu. Mtu akiishusha, anaweza kuagiza jeni itengenezwe upya, akaipandikiza ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, bila kuukanyaga ufuko wowote. Ili kuziba pengo hilo ulizinduliwa Mfuko wa Cali mwezi Februari 2025, ambao kampuni zinazonufaika na takwimu za jenomu zinatakiwa kuuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Kuchangia ni hiari. Gogo la mkoko wa Rufiji, kwa utaratibu huo, linaweza kuleta utajiri likiwa limelala palepale matopeni.